Gia, Barabara na Petroli: Historia ya Ulaji wa Mafuta wa Hotirodi za Marekani

Hotirodi ni gari kuukuu la Marekani, mara nyingi Ford iliyoundwa kati ya mwaka 1928 na 1948, lililovuliwa mabati yasiyo ya lazima, likapunguzwa uzito, kisha likafungwa injini yenye nguvu kuliko ile lililotoka nayo kiwandani. Sifa yake ya kwanza ni kasi. Ya pili ni kubugia mafuta. Lawama ya sifa hiyo ya pili kwa kawaida huangukia ukubwa wa injini, na ni kweli kwamba injini kubwa haishibi upesi. Hata hivyo, historia ya magari haya inatupeleka mahali pengine: kwenye difu, kwenye giaboksi, na kwenye namna fundi alivyopanga kabureta, cheche na tairi. Kila uwiano wa gia ulichaguliwa kuitikia barabara, bei ya petroli na sheria za zama fulani. Gari lilipovuka kuingia zama nyingine likiwa na gia zilezile, gharama yake ilijitokeza kwenye tangi.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kueleza. Difu hupokea mzunguko kutoka kwenye giaboksi na kuugawia magurudumu ya nyuma. Uwiano wake ukiwa 4 kwa 1, na gari likiwa kwenye gia ya moja kwa moja, injini huzunguka mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Uwiano mkubwa hulipa gari msukumo wa kuondoka na kupanda mlima, lakini huilazimisha injini kuzunguka sana katika mwendo wa safari. Uwiano mdogo hufanya kinyume chake. Injini ya petroli nayo hupoteza nguvu kwa njia mbili kila inapozunguka: kwa msuguano wa vyuma vyake, na kwa kazi ya kuvuta hewa kupitia kabureta ambayo kibati chake cha throto kimefungwa nusu. Kwa hiyo, kati ya magari mawili yanayokwenda mwendo mmoja, lile ambalo injini yake inazunguka polepole huku throto ikiwa imefunguka zaidi hula petroli kidogo kuliko lile ambalo injini inalia kwa kasi huku throto ikiwa imebanwa. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Karibu miaka mia moja ya historia ya hotirodi ni juhudi za mafundi kushika mawili, nguvu ya kuondoka na utulivu wa safari, bila kuponyokwa na lolote.

Zama za kwanza ni za Ford Model T, iliyoanza kuuzwa Oktoba 1908. Nje ya miji, barabara nyingi za Marekani wakati huo zilikuwa za udongo, matope wakati wa mvua na vumbi wakati wa kiangazi. Henry Ford aliiundia nchi hiyo gari jepesi lenye injini ya silinda nne, lita 2.9 na nguvu za farasi 20, giaboksi ya gia mbili tu za mbele, na difu ya uwiano wa 3.64. Petroli ya siku hizo ilikuwa dhaifu. Ikigandamizwa sana ililipuka kabla ya wakati wake na kugonga pistoni, hivyo mgandamizo wa injini uliachwa karibu 4 kwa 1. Injini yenye mgandamizo mdogo kiasi hicho hutupa joto jingi kupitia ekzosi. Pamoja na hayo, Model T ilihesabiwa kwenda maili 13 hadi 21 kwa galoni ya Marekani, yaani kilomita 5.5 hadi 9 kwa lita, kwa sababu ilikuwa nyepesi na mwendo wake wa juu haukuvuka sana kilomita 70 kwa saa.

Udhaifu wake ulikuwa pengo kati ya gia zake mbili: ya kwanza ilikwenda polepole mno, na ya pili ilichoka haraka mlimani. Pengo hilo lilijazwa na ekseli ya Ruckstell, ekseli ya nyuma yenye mwendo wa ziada wa nguvu, ambayo Ford yenyewe iliidhinisha. Hapo ndipo ilipozaliwa fikra kwamba uwiano wa gari ni kitu ambacho mwenye gari anaweza kukirekebisha baada ya kiwanda kumaliza kazi yake. Kwa upande wa mbio, ndugu wawili Louis na Arthur Chevrolet waliuza vichwa vya silinda vya Frontenac vilivyoigeuza injini hiyo ya shamba kuwa ya mashindano. Uzalishaji ulipokoma mwaka 1927, zaidi ya Model T milioni 15 zilikuwa zimeundwa, na zilizochakaa ziliuzwa kwa bei ambayo hata kijana wa gereji aliimudu. Hotirodi ilianzia kwenye wingi huo.

Katika miaka hiyohiyo kemia ilifungua mlango mwingine. Desemba 1921, Thomas Midgley, aliyefanya kazi chini ya Charles Kettering katika maabara ya General Motors, aligundua kwamba risasi ikichanganywa kwenye petroli huzuia injini kugonga. Petroli hiyo iliuzwa kwa mara ya kwanza huko Dayton, Ohio, Februari 1923. Sumu yake iliathiri vizazi kadhaa, na kuiondoa barabarani kulichukua miongo mingi. Kwa injini, hata hivyo, maana yake ilikuwa moja: mgandamizo ungeweza kupanda, na mgandamizo ukipanda, tone lilelile la petroli hutoa kazi kubwa zaidi. Kettering aliutazama ugunduzi huo kama njia ya kubana mafuta. Vijana wa California waliuona kama njia ya kupata kasi. Mvutano wa mitazamo hiyo miwili juu ya chombo kimoja utarudi mara kwa mara katika historia hii.

Desemba 1927 Ford ilitoa Model A, yenye lita 3.3, farasi 40 na gia tatu. Kisha, mwaka 1932, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, ikafanya jambo ambalo hakuna kiwanda kilichokuwa kimelifanya kwa bei hiyo: ikatoa injini ya silinda nane za umbo la V, valvu zikiwa pembeni, lita 3.6 na farasi 65, katika rodsta iliyouzwa kwa dola 460. Difu ya kawaida ya gari hilo ilikuwa 4.11. Uwiano huo ulikuwa na sababu zake. Barabara zilikuwa mbaya, madereva walipenda gari linalopanda mlima bila kushusha gia, na ni wachache waliokusudia kwenda kilomita 100 kwa saa kwa muda mrefu. Kwa mwaka 1932 uamuzi huo ulikuwa sahihi. Lakini difu hiyo ya 4.11 ilibaki chini ya maelfu ya magari yaliyogeuzwa kuwa hotirodi miaka ishirini na thelathini baadaye, ikibeba kumbukumbu ya barabara ambazo hazikuwepo tena.

Kaskazini mwa Los Angeles kuna maziwa yaliyokauka, tambarare za udongo mgumu kama Muroc na El Mirage, na huko ndiko miaka ya 1930 ilikoupa uhai utamaduni huu. Novemba 1937 klabu za vijana ziliungana kuunda chama cha SCTA, kilichopanga mashindano kwa utaratibu na kupima mwendo kwa saa za kuaminika. Ziwani hapakuwa na mlima wala kona. Palikuwa na kilomita kadhaa za kunyooka. Mshindani alihitaji difu ya uwiano mdogo ili injini isifike kikomo cha mizunguko kabla gari halijafika mwisho wa njia. Alivua mabati ya matope, kioo cha mbele na taa, akapunguza uzito na ukinzani wa hewa kwa pamoja. Vic Edelbrock alibuni manifoldi ya kabureta mbili, na Ed Winfield alichonga kemshafti, mihimili inayofungua valvu, na kuunda kabureta zilizoheshimiwa na kila fundi wa pwani ile. Magari mengi yalikwenda ziwani yakiendeshwa barabarani, yakashindana, kisha yakarudi mjini. Njiani, uwiano uleule mdogo uliotafutwa kwa ajili ya kasi uliifanya injini itulie na kuokoa petroli. Kasi ya mstari mrefu na ubanaji wa mafuta vilikuwa, kwa muda mfupi wa historia, vikivuta upande mmoja.

Viwanda navyo vilikuwa vimeanza kulitazama suala hilo. Mwaka 1934 magari ya Airflow ya Chrysler na De Soto yalipata ovadraivu ya Borg-Warner, gia ya ziada nyuma ya giaboksi iliyopunguza mizunguko ya injini kwa asilimia 30 hivi. Matumizi yake yalihitaji ustadi mdogo: gari likishavuka mwendo uliowekwa, dereva aliinua mguu kwenye pedali ya mafuta, gia ikajinasa yenyewe, na mlio wa injini ukashuka huku gari likiendelea na mwendo wake. Kwa wenye Ford ilikuwepo ekseli ya Columbia, yenye miendo miwili, iliyobadilishwa kwa mvuto wa hewa wa injini na kupunguza mizunguko kwa zaidi ya robo. Giaboksi ya Lincoln-Zephyr nayo ilinyang'anywa gia zake na wapenda mbio, kwa kuwa zilikuwa zimekaribiana zaidi kuliko za Ford ya kawaida. Mwaka 1936, kampuni ya mafuta ya Gilmore ya Los Angeles, iliyokuwa pia mfadhili mashuhuri wa mbio za magari, ilianzisha mashindano ya kubana petroli kutoka Los Angeles hadi Yosemite. Baadaye mashindano hayo yaliendeshwa kwa jina la Mobilgas, kisha Mobil, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Mji mmoja na kampuni moja vililea mashindano ya kasi na mashindano ya uchumi kwa wakati mmoja.

Vita vya Pili vya Dunia vilikatiza yote hayo. Julai 1942 serikali ya Marekani ilipiga marufuku mbio za magari. Desemba mwaka huo mgao wa petroli ulienea nchi nzima, na dereva wa kawaida, mwenye kibandiko cha herufi A kwenye kioo, alipewa kuponi za galoni 3 au 4 kwa wiki, sawa na lita 11 hadi 15. Mwendo wa juu uliwekwa maili 35 kwa saa, yaani kilomita 56. Sababu kubwa haikuwa upungufu wa petroli. Ilikuwa mpira wa matairi, ambao mashamba yake ya Asia yalikuwa yametekwa na Japani. Muroc ilichukuliwa na jeshi, na baada ya vita ikawa kambi ya anga ya Edwards. Vijana wengi wa klabu walivaa sare. Waliobaki walijifunza kwa lazima kile ambacho kizazi kilichofuata kingekisahau kwa hiari: mwendo wa polepole na mguu mwepesi huokoa mafuta kuliko kifaa chochote cha dukani.

Mgao wa petroli uliondolewa Agosti 1945, na askari walirudi wakiwa na akiba ya mishahara na ujuzi wa injini za ndege na vifaru. Januari 1948 Robert Petersen alitoa toleo la kwanza la jarida la Hot Rod. Mwaka 1949 SCTA ilihamishia mbio ndefu kwenye chumvi ya Bonneville, Utah. Kufikia wakati huo Ted Halibrand alikuwa amekwishaleta difu ya kubadilishwa haraka, na kifaa hicho kinastahili kutazamwa kwa karibu. Shafti inayotoka kwenye giaboksi hupita chini ya difu hadi nyuma kabisa, ambako kuna mfuniko wa madini mepesi. Fundi hulala nyuma ya gari, humwaga oili, hufungua nati za mfuniko, na hukuta gia mbili za meno yaliyonyooka, moja juu ya nyingine. Huzichomoa kwa mkono. Tuchukue mfano wa gia zenye meno 21 na 24 katika difu ambayo uwiano wa gia zake kuu, kraunwili na pinioni, ni 4.11. Zikikaa kwa mpangilio mmoja, uwiano unakuwa karibu 4.70, zikibadilishana nafasi, unashuka hadi karibu 3.60. Kazi nzima haihitaji kushusha ekseli. Mtu aliweza kushindana kwa difu moja na kurudi nyumbani kwa nyingine, na tofauti aliiona kwenye kituo cha petroli.

Hata hivyo, mkondo wa mbio ulikuwa unageuka. Mwaka 1950 uwanja wa ndege wa Santa Ana ulifunguliwa kwa mbio za dragi, mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha chama cha NHRA, na Aprili 1953 chama hicho kikaandaa mashindano yake rasmi ya kwanza huko Pomona. Dragi ni mbio za robo maili, mita 402 kutoka kusimama. Hapo mshindi ni anayeondoka kwa nguvu, na difu za 4.56 na 4.88 zikawa alama ya fahari. Uwiano mdogo wa maziwa makavu ulipoteza heshima. Fahari hiyo ilihama kutoka uwanjani hadi mtaani, ambako mtu aliyetumia gari lake kwenda kazini alilipia kila siku gia zilizotakiwa kwa sekunde kumi na kitu mwishoni mwa wiki.

Mpangilio wa injini ulifuata njia hiyohiyo. Kabureta tatu aina ya Stromberg 97 zilipendeza macho, lakini zilipofunguka zote kwa pamoja kila moja ilipitisha hewa kidogo mno katika mwendo wa taratibu kuweza kuchanganya petroli vizuri. Mafundi wenye busara walifunga vyuma vya throto kwa hatua, ili kabureta ya kati ifanye kazi peke yake safarini na za pembeni ziamke pedali inapokanyagwa sana. Kemshafti za mbio ziliacha valvu za kuingiza na za kutoa zikiwa wazi kwa pamoja kwa muda mrefu. Injini ikizunguka kwa kasi hilo lilileta nguvu. Ikizunguka polepole, petroli mbichi ilipenya hadi ekzosi na mvuto wa hewa ukafifia. Distributa za mbio nyingi hazikuwa na kifaa cha kuwahisha cheche kwa mvuto, kwa kuwa mshindani hana haja nacho. Msafiri anakihitaji. Mchanganyiko mwepesi wa safari huungua polepole, na cheche isipowahi, sehemu ya moto huishia kwenye bomba la ekzosi badala ya kusukuma pistoni.

Wakati huo Detroit, mji wa viwanda vya magari, ilikuwa ikivuna mbegu ya Kettering. Mwaka 1947 aliwasilisha majaribio ya injini yenye mgandamizo wa 12.5 kwa 1, na hoja yake ilikuwa uchumi wa mafuta. Mwaka 1949 Oldsmobile na Cadillac zilitoa injini mpya za V8 zenye valvu juu ya silinda, na mwaka 1955 ikafuata ya Chevrolet, lita 4.3 na farasi 162, ndogo, nyepesi na ya bei nafuu. Injini ya Ford ya valvu za pembeni ilizeeka ghafla. Injini iliyobuniwa kwa nia ya kubana petroli ikawa moyo wa mbio za Marekani kwa nusu karne, na faida yake kubwa ya mgandamizo ikatumiwa karibu yote katika kasi.

Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia saini sheria ya barabara kuu za taifa, na hapo tofauti kati ya gia za 1932 na barabara mpya ikawa bayana. Hesabu yake ni rahisi. Tairi la kipenyo cha sentimita 71 huzunguka mara 746 hivi kwa dakika gari likienda kilomita 100 kwa saa. Kwa difu ya 4.11, injini inazunguka mara 3,066 kwa dakika, saa baada ya saa. Kwa difu ya 3.00 ingezunguka mara 2,238. Rodsta ya 1932 ilibebwa na uzito wake mdogo, lakini uso wake uliosimama wima na magurudumu yake yaliyo wazi viliipiga hewa kama ukuta. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo, na nguvu inayohitajika kuushinda huongezeka kwa mchemraba wake. Hakuna aliyelalamika sana. Galoni ya petroli iliuzwa kwa senti 30 hivi za dola, na bei hiyo iliwafanya watu wasihesabu. Hata difu ya Ford ya inchi tisa, iliyoanza mwaka 1957, ambayo gia zake zote hutoka mbele kwa pamoja kama kifurushi, ilipendwa kwa uimara wake wa mbio kuliko kwa urahisi wake wa kumpa msafiri uwiano mwingine.

Miaka ya 1960 magari ya kiwandani yenye nguvu nyingi yaliwavuta vijana, na hotirodi ikawa mali ya watu wazima waliotaka kusafiri nayo. Mwaka 1970 mkutano wa kwanza wa kitaifa wa magari hayo ulifanyika Peoria, Illinois, na wengi waliufikia kwa kuendesha kutoka majimbo ya mbali. Giaboksi za otomatiki za gia tatu zilienea. Zilikuwa imara na rahisi kupatikana, lakini gia ya tatu ilikuwa ya moja kwa moja, na konveta, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, iliendelea kuteleza kidogo muda wote, ikigeuza petroli kuwa joto la oili. Waliobakiza tairi kubwa nyuma na ndogo mbele, kwa mtindo wa kale, walipata ahueni bila kukusudia: tairi la sentimita 79 likichukua nafasi ya lile la 71 huifanya difu ya 4.11 itende kama 3.70 hivi. Tairi za radiali, zilizoasisiwa na Michelin mwaka 1946 na kuenea Marekani miaka ya 1970, zilipunguza ukinzani wa kubiringika.

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazozalisha mafuta zilisitisha kuiuzia Marekani. Pipa lililokuwa karibu dola 3 lilikaribia dola 12 mwanzoni mwa 1974, na mshtuko wa bei ulifika hadi Dar es Salaam na Nairobi. Januari 2, 1974, Rais Nixon alitia saini sheria ya mwendo wa juu wa maili 55 kwa saa, karibu kilomita 89. Kwa gari lenye uso wa ukuta, sheria hiyo iliokoa mafuta kuliko marekebisho mengi ya gereji. Mwaka 1975 ikaja sheria kubwa zaidi, iliyovilazimisha viwanda kufikia wastani wa maili 27.5 kwa galoni ifikapo mwaka 1985, yaani kilomita 11.7 kwa lita. Hotirodi haikutajwa popote katika sheria hiyo. Matokeo yake, hata hivyo, yaliigusa kuliko tukio lolote tangu injini ya 1932.

Viwanda vilijibu kwa kuweka gia ya juu yenye uwiano chini ya 1. Ford ilitoa otomatiki yake ya AOD mwaka 1980. General Motors ikatoa 200-4R mwaka 1981 na 700R4 mwaka 1982, zikiwa na klachi ya ndani ya kufungia konveta isiteleze safarini. Borg-Warner ilitoa T-5 ya gia tano za mkono, ambayo Mustang ya Ford iliipokea mwaka 1983. Baada ya miaka michache magari hayo yaligongwa, yakachakaa, yakaishia kwenye mabanda ya skrepa, na huko mafundi wa hotirodi waliyasubiri. Hesabu iliwapendeza. Otomatiki ya zamani ya gia tatu, ikiwa na gia ya kwanza ya 2.52 na difu ya 4.11, inaondoka kwa uwiano wa jumla wa 10.4 na kusafiri kwa 4.11. Otomatiki ya 700R4, ikiwa na gia ya kwanza ya 3.06, ya nne ya 0.70 na difu ya 3.73, inaondoka kwa 11.4 na kusafiri kwa 2.61. Gari hilo la pili linaondoka kwa nguvu zaidi, na kwa kilomita 100 kwa saa injini yake inazunguka mara 1,950 tu badala ya 3,066. Yale mawili ya methali yalishikwa kwa mkono mmoja, na aliyewezesha hilo alikuwa mtunga sheria wa Washington aliyetaka magari ya familia yale kidogo.

Mafanikio hayo yalifunua kikomo. Wapo waliofunga ovadraivu pamoja na difu ya uwiano mdogo sana, wakitarajia akiba maradufu, wakaona gari linakula vilevile au zaidi. Injini yenye kemshafti ya mbio haina nguvu kwenye mizunguko 1,500. Ikibebeshwa mzigo hapo inakoroma, dereva anaongeza mguu, mvuto wa manifoldi unaporomoka, na valvu ya ziada iliyomo ndani ya kabureta, inayofunguka mvuto unaposhuka, inamwaga petroli kana kwamba gari linapanda mlima. Ndiyo maana kipimo cha mvuto kwenye dashibodi, kifaa cha bei ndogo, kilikuwa mwalimu mzuri: sindano ikisimama juu safarini, gia na injini vinaelewana, ikianguka kila upepo unapovuma, difu imepitiliza. Mafundi wakajifunza kupanga vyote kwa pamoja: kemshafti ya wastani, cheche ya kuwahishwa kwa mvuto, jeti za kabureta za kuupeleka mchanganyiko karibu na sehemu 15 za hewa kwa moja ya petroli, kisha uwiano wa difu unaoiweka injini pale inapofanya kazi kwa raha.

Mwaka 1997 Corvette ya Chevrolet ilitoka na injini ya LS1, lita 5.7 na farasi 345, ikipatikana na giaboksi ya mkono ya gia sita ambamo gia ya tano na ya sita zote ni ovadraivu, ya sita ikiwa 0.50. Kompyuta ilipima hewa, ikapuliza petroli kwenye kila silinda, ikarekebisha cheche kwa kila mzunguko. Injini kubwa kuliko ya 1932 kwa zaidi ya nusu, na yenye nguvu zaidi ya mara tano, ilimudu kilomita 11 kwa lita kwenye barabara kuu, ikiwa ndani ya bodi iliyochongwa kwa ajili ya upepo. Jamii hiyo ya injini imekuwa moyo wa hotirodi nyingi za karne hii. Waliopenda sura ya kabureta nao walipata vifaa vya kupuliza petroli vyenye umbo la kabureta, vinavyosoma hewa ya ekzosi na kujirekebisha vyenyewe. Ford ya 1932 iliyofungwa injini hizo haifikii ulaji wa Corvette, kwa kuwa hewa haijabadilisha tabia yake.

Hali ya leo, basi, ni zao la tabaka hizo zote. Chini ya rodsta moja mtu anaweza kukuta chesisi ya mwaka 1932, difu ya muundo wa 1957, giaboksi iliyozaliwa na sheria ya 1975 na injini ya mwisho wa karne. Katika mlolongo huo, hamu ya kasi haijabadilika tangu Muroc. Kilichobadilika ni barabara, bei na sheria, na kila badiliko lilizifanya gia sahihi za jana kuwa ghali leo. Injini yenyewe imekuwa shahidi tu: lita zake nyingi hazikuizuia Corvette ya 1997 kula kama gari la familia, na lita 3.6 za Ford hazikuiokoa rodsta iliyoburutwa kwa 4.11 kwenye barabara kuu. Anayetaka kujua hotirodi itakula kiasi gani apime kwanza kipenyo cha tairi la nyuma, ahesabu mizunguko ya injini kwa mwendo atakaosafiri nao, aulize kemshafti inaanza kuvuta kwenye mizunguko mingapi, kisha ndipo achague difu. Fundi anayeanza na difu iliyomkuta chini ya gari anaendesha kwa uamuzi wa mtu aliyeijua barabara nyingine, na petroli ya uamuzi huo anailipa yeye.